Siku Kama ya Leo

Kwa miaka miwili nililipwa kuamka saa kumi alfajiri na kutafuta nani alikufa.

Ilikuwa kazi ya redio. Stesheni ndogo, kipindi kidogo, sekunde sitini kabla ya habari za saa moja asubuhi: siku kama ya leo katika muziki. Sheria zilikuwa tatu. Matukio matatu, yasizidi. Majina ambayo mtu aliyebanwa kwenye matatu anayajua bila kuelezwa. Na usiwaharibie watu asubuhi yao, kwa hivyo ukitaja kifo, malizia na ngoma kali.

Siku nyingi kalenda ni kavu. Unachimba mpaka unamshukuru yeyote aliyezaliwa. Lakini kuna tarehe moja ambayo inajiandika yenyewe, nayo ni 16 Agosti. Mwaka 1977, Elvis Presley alikutwa amekufa nyumbani kwake Memphis akiwa na miaka 42. Mwaka 2018, Aretha Franklin, aliyezaliwa Memphis hiyo hiyo, alifariki Detroit akiwa na miaka 76. Na mwaka 1958, Madonna alizaliwa. Mfalme na malkia wawili, sekunde sitini, kazi imeisha. Nilikuwa namaliza kuandika kabla chai haijapoa.

Kulikuwa na wengine wawili wa tarehe hiyo ambao sikuwahi kuwaweka. Robert Johnson, mpiga gitaa wa blues, alikufa 16 Agosti 1938 karibu na Greenwood, Mississippi, akiwa na miaka 27. Na Pete Best, ambaye hakufa: 16 Agosti 1962 aliitwa ofisini na meneja wa Beatles, Brian Epstein, akaambiwa kwamba yeye si mpiga ngoma wao tena. Johnson nilimwacha kwa sababu watu wa matatu hawamjui. Best nilimwacha kwa sababu kufutwa kazi si habari ya kumpa mtu anayekimbilia kazini.

Mwaka wangu wa pili, nusu saa baada ya kipindi cha tarehe hiyo, Mama alinipigia simu.

"Nimekusikia," akasema. "Umesoma vizuri. Sasa mjomba wako utamsoma siku gani?"

Nikacheka. Kumbe hakuwa anatania.

Mjomba alikuwa kaka yake mkubwa. Miaka ya sabini alipiga gitaa la besi kwenye bendi za Nairobi, zile za kurekodi mchana River Road na kupiga baa usiku. Sikumwona kwa macho. Alikufa kabla sijazaliwa. Kilichobaki kwake ni santuri moja ndogo ya 45 ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kabati la Mama, na nyumbani hakuna hata mashine ya kuichezea. Kwenye lebo kuna jina la bendi, jina la wimbo, na jina la mtunzi, ambaye kwa maneno ya Mama hakutunga chochote, alikuwa tu mwenye vyombo. Mpiga besi hayumo. Halafu kuna msalaba ushago, wenye jina lake na mwaka: 1991. Siku hakuna, mwezi hakuna.

"Alikufa tarehe ngapi?" nikamuuliza.

"Agosti. Shule zilikuwa zimefungwa."

"Agosti ngapi, Mama?"

Kimya. Mama mdogo naye, nilipomuuliza baadaye, aliapa kwamba ilikuwa mwisho wa Julai, kwa sababu anakumbuka baridi ya siku ya mazishi. Wawili waliosimama kwenye kaburi moja, na hawakubaliani hata mwezi.

Ndipo Mama akasema neno ambalo limenifanya niandike haya. "Si umpe tu hiyo ya kumi na sita? Akae na wakubwa wenzake. Nani ataenda kuangalia?"

Wacha niwe mkweli: nilikaribia kukubali. Na sababu zangu hazikuwa mbaya. Ukiifikiria sana kazi niliyokuwa nafanya, tarehe yenyewe haina maana. Mwaka una visanduku 365, na wanamuziki waliokufa ni maelfu kwa maelfu; lazima wagongane. Elvis na Aretha hawakupanga. Hakuna mkono uliowakutanisha. Ni sadfa, na sisi watu wa redio tunaivalisha sadfa suti na kuiita historia. Tarehe ni msumari tu wa kutundikia jina ukutani. Kama ni hivyo, kumpa mjomba wangu msumari usio wake kunamuumiza nani? Elvis hapungukiwi. Msikilizaji hadanganywi kuhusu jambo lolote atakalolitumia. Na Mama, mwenye zaidi ya miaka 70, anasikia jina la kaka yake redioni mara moja kabla hajafa. Ukipima kwa mizani ya furaha na maumivu, hesabu inaonekana imekubali.

Nikamwambia nitafikiria. Na kwa sababu nilikuwa natafuta ruhusa ya kudanganya, nikaenda kumsoma yule niliyekuwa namruka kila mwaka, Robert Johnson. Nilidhani nikimwelewa yeye, aliyekufa bila mtu kujali, nitapata hoja ya kumsaidia Mjomba.

Johnson alirekodi nyimbo 29 tu. Aliingia studio kwa awamu mbili, San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas mwezi Juni 1937. Mwaka uliofuata, John Hammond, mtayarishaji wa New York, alikuwa anapanga onyesho kubwa la muziki wa watu weusi katika ukumbi wa Carnegie Hall, na akamtafuta Johnson aje apige. Akaletewa habari kwamba ameshakufa. Basi tarehe 23 Desemba 1938, pale jukwaani, Hammond akawapigia watu santuri mbili za Johnson kwenye gramafoni. Hebu fikiria ukumbi mzima umekaa kimya, unatazama mashine.

Wakati huo hakuna shabiki aliyejua alikufa siku gani. Tarehe ilikuja kupatikana mwaka 1968, miaka thelathini baadaye, mtafiti Gayle Dean Wardlow alipokipata cheti cha kifo. Pale ambapo pangekuwa na maelezo ya daktari, cheti kinasema hakukuwa na daktari. Hadi leo kuna mawe matatu ya kumbukumbu kwenye viwanja vya makanisa matatu tofauti kule Mississippi, kila moja likisema, au likikaribia kusema, kwamba amelala hapo. Kwa hivyo 16 Agosti ile niliyokuwa naiona kwenye kila orodha, na kuiruka, imetoka kwenye karatasi moja ambayo mtu alikataa kuacha kuitafuta.

Sasa jiulize: kama mwaka 1950 ndugu mwenye huruma angesema "tumpe tu Krismasi, nani ataenda kuangalia", Wardlow angekuta nafasi imejaa. Watu huwa hawatafuti kitu ambacho kinaonekana kipo.

Na haikuishia kwenye kuridhisha wapenzi wa blues. Mwaka 1990 nyimbo zake zote zilitolewa pamoja kwenye kasha moja, likauza zaidi ya nakala milioni. Ghafla marehemu asiye na kitu akawa na mali. Nani mrithi? Kulikuwa na mwanamume mmoja kule Mississippi, dereva wa lori la changarawe, aliyesema huyo ni baba yake. Ilibidi mahakama isikilize nani alikuwa wapi na nani mwaka gani, mambo ya zaidi ya miaka sitini nyuma. Mwaka 1998 alitambuliwa kuwa mwana na mrithi, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha. Maisha yake yote yule mzee aliendesha lori huku jina la baba yake likitukuzwa na wapiga gitaa wa Uingereza. Sifa zilifika miaka mingi kabla ya haki, na haki yenyewe ilifika kwa sababu kulikuwa na shahidi na karatasi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nilikuwa nachanganya vitu viwili ambavyo masikioni vinafanana. Kuna heshima, na kuna hesabu. Heshima ni kumtaja mtu, kumpigia wimbo, kumjengea sanamu. Hesabu ni kusema kwa ukweli nani alifanya nini, lini, na anadai nini. Sisi tukisema tunamkumbuka mwanamuziki, karibu kila mara tunamaanisha heshima. Na heshima ni rahisi, maana haigharimu mtu chochote. Mimi nilikuwa naigawa kila asubuhi kwa sekunde sitini.

Rudi kwa wakubwa wa 16 Agosti uone. Elvis amepewa heshima mpaka imemwagika. Nyumba yake ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1982 na mpaka leo watu wanapanga foleni. Lakini wimbo uliomtoa mwaka 1954, That's All Right, ulikuwa wa Arthur Crudup, aliyeurekodi mwaka 1946. Crudup alifanya vibarua vya shambani, na alikufa mwaka 1974 akiwa bado anaidai mirabaha ya nyimbo zake. Sisemi Elvis alimwibia. Deni hilo lilikuwa la watu wa ofisini, waliokuwa na kalamu. Nasema tu kwamba kila 16 Agosti niliposoma jina la mmoja, hesabu ya mwenzake ilibaki wazi, na mimi nikabonyeza kitufe cha kucheza wimbo.

Aretha naye. Mwaka 1987 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Heshima tosha. Lakini sheria ya Marekani hailazimishi redio za masafa ya kawaida kumlipa mwimbaji. Anayelipwa wimbo ukipigwa ni upande wa mtunzi. Respect aliitunga Otis Redding. Kwa hivyo miaka yote ambayo redio za kwao zimemwita malkia kwa sababu ya wimbo ule, kwa kuupiga hazikumlipa yeye. Labda ndiyo maana alijulikana kwa kudai pesa taslimu kabla hajapanda jukwaani, na kupanda na pochi yake. Kuna waliomwona wa ajabu. Mimi naona mwanamke aliyeelewa kwamba makofi si malipo.

Na bado, hata yeye karatasi zilimshinda. Alipokufa ilidhaniwa hakuacha wosia. Mwaka 2019 zikapatikana karatasi alizoandika kwa mkono, moja ikiwa chini ya mto wa kochi, na wanawe wakabishana mahakamani mpaka mwaka 2023, baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba ile ya kochini ndiyo halali.

Anayenifundisha zaidi, hata hivyo, ni yule aliyefutwa kazi. Pete Best alipiga ngoma na Beatles miaka miwili. Aliondolewa wiki tatu hivi kabla hawajarudia kurekodi Love Me Do, na baadaye akawa mfanyakazi wa serikali pale Liverpool kwa miaka mingi. Alionewa? Sijui. Pengine Ringo Starr alikuwa mpiga ngoma bora, na bendi ina haki ya kuchagua nani akae kiti kile. Hakuna mtu mwenye haki ya kuwa maarufu. Hapo ni bahati, na bahati haina mahakama. Lakini mwaka 1995 ilipotoka Anthology 1, yenye rekodi za zamani alizopiga yeye, alilipwa. Umaarufu hakurudishiwa na hakustahili kurudishiwa. Alilipwa kwa kazi aliyofanya, kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu ya nani alishika vijiti siku gani. Ndiyo tofauti ninayoisema. Heshima hatuwezi kumpa kila mtu, na si lazima. Hesabu tunadaiwa na kila mtu.

Huku kwetu hesabu mbovu tunaijua kuliko wote. Malaika tunauimba kwenye kila harusi. Miriam Makeba aliuimba, Boney M. waliuimba. Na mpaka leo, ukitaka kugombanisha wazee wawili wa muziki, uliza nani aliutunga, Fadhili William au Adam Salim. Kila mmoja ana mashahidi wake. Wimbo unaojulikana duniani kuliko nyimbo zetu zote, na swali la kwanza kabisa kuuhusu bado ni ubishi.

Najua hoja mbili zinazonisubiri. Ya kwanza: wafu hawaumii. Mjomba hajui kama ametajwa au la. Ni kweli, na ndiyo sababu nimeacha kuongea kana kwamba namtetea yeye. Wanaoumia ni walio hai. Yule dereva wa lori. Watoto wa mpiga besi yeyote ambao hawawezi kudai hata shilingi kumi kwa sababu jina la baba halikuandikwa. Hoja ya pili: huwezi kukumbuka wote, sekunde ni sitini. Kweli tena. Lakini lebo ya santuri ina nafasi ya majina manne. Haikukosa nafasi. Ilikosa mtu wa kuyaandika, au ilikuwa na mtu ambaye ilimfaa yasiandikwe.

Basi nikaenda kwa Mama Jumapili, nikamwambia siwezi kumpa Mjomba tarehe 16.

Akaniangalia kwa muda. "Kwa hivyo wakubwa wana tarehe kwa sababu walikuwa wakubwa," akasema, "na sisi tukose kwa sababu tulikuwa maskini. Ndiyo unaniambia?"

Sina jibu jepesi kwa hilo, na sitajifanya ninalo. Ana haki. Nilipouliza kuhusu cheti cha kifo, nilielezwa kwamba familia ilipata kibali cha mazishi, ikazika, basi. Cheti hakikufuatiliwa. Cheti hufuatiliwa ukiwa na kitu cha kurithisha: shamba, akaunti, pensheni. Mjomba hakuwa na chochote, kwa hivyo hakukuwa na sababu ya kupanda gari kwenda ofisini kuthibitisha kwamba amekufa. Umaskini wake ulimfuata mpaka kwenye kalenda. Mama anajua hivyo vizuri kuliko mimi. Tarehe ya uongo aliyoitaka ilikuwa njia yake ya kusema: angalau hapa, mara moja, awe sawa na wao.

Lakini nikijaza lile pengo kwa uongo, nitakuwa nimewasaidia waliolisababisha. Anayesikia redioni "16 Agosti 1991, mpiga besi wa Nairobi" atadhani mambo yalikuwa sawa, kuna rekodi, kuna cheti, kuna mtu aliyeshughulika. Haikuwa hivyo. Lile pengo ndilo ushahidi wa pekee tulio nao wa jinsi alivyotendewa. Msalaba wenye mwaka tu unasema ukweli ambao tarehe nzuri ya kubuni ingeuzika mara ya pili. Nilimwambia hivyo, kwa maneno mabaya kuliko haya. Akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumapili mbili hatukuongea vizuri. Kazini, 16 Agosti iliyofuata, nilimtoa Elvis na kumweka Robert Johnson, cheti na yote. Sekunde zikanipita. Ujumbe ukaingia: "Boss rudisha Elvis, wacha stori za makaburi asubuhi." Mwingine akauliza huyo jamaa anapatikana wapi, anataka kumsikiliza. Mmoja kwa mmoja. Tusiseme nilibadilisha nchi.

Mengine niliyafanya kimyakimya. Nilipata mzee mmoja aliyepiga gitaa la solo na Mjomba, anaishi Kariobangi, anauza vipuri vya redio. Nilibeba ile santuri na yeye akawa na mashine. Tukaisikiliza mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho akawa anataja watu kadiri vyombo vinavyoingia: huyu fulani, huyu fulani, huyu ni mimi, huyu ni mjomba wako, sikiza. Mpiga ngoma hakumkumbuka jina, ila alijua kwao ni Kakamega. Niliandika yote kwa kalamu kwenye bahasha ya santuri, na pale pa mpiga ngoma nikaandika hivyo hivyo: jina halijulikani, Kakamega. Halafu nikaweka tarehe ya siku hiyo, na jina langu, ili atakayekuja ajue ni nani wa kumlaumu.

Nilimpelekea Mama ile bahasha. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Hakusema kitu kuhusu redio. Baada ya kama dakika tano akasema kwamba aliyemzika Mjomba alikuwa padri, na parokia ile ya ushago tangu zamani ina daftari la mazishi. Hajui kama la mwaka 1991 bado lipo. Panya wapo, na paa liliwahi kuvuja.

Tunaenda Jumamosi hii. Nimemwambia kwamba huenda tusipate kitu, akasema anajua. Ameniomba tu nimkumbushe abebe miwani.